Kipa hapimwi kwa idadi ya mabao aliyofungwa pekee

KATIKA mchezo wa soka hakuna mchezaji anayehukumiwa haraka na kwa ukali kama mlinda mlango. Mshambuliaji anaweza kukosa mabao matatu ya wazi, akafunga moja dakika ya 89 na kubebwa juu juu na mashabiki. Kipa anaweza kuokoa hatari saba, akakosea mara moja, na kosa hilo moja ndilo litakalojadiliwa vijiweni kwa wiki nzima.

Mfano unaojulikana dunia nzima ni ule wa Oliver Kahn wa Ujerumani katika fainali za Kombe la Dunia za mwaka 2002, zilizofanyika Korea Kusini na Japan. Kabla ya mchezo wa fainali, Kahn alikuwa ameruhusu bao moja tu katika mechi sita. Juni 30, 2002, mjini Yokohama, alishindwa kuudhibiti mkwaju wa Rivaldo, mpira ukamponyoka na Ronaldo akaujaza wavuni. Brazil ilishinda mabao 2-0. Kahn ndiye aliyetunukiwa Mpira wa Dhahabu kwa mchezaji bora wa fainali hizo, na hadi leo hakuna kipa mwingine aliyewahi kuipata tuzo hiyo. Hata hivyo, watu wengi wakimkumbuka katika mashindano yale, hukumbuka mpira ule uliomponyoka.

Hapa nchini hali ni nzito zaidi, kwa sababu kipa wa Simba au Yanga akifungwa bao jepesi katika mechi ya watani, neno linalotangulia midomoni mwa baadhi ya mashabiki si "amekosea" bali ni "amehujumu". Tuhuma ya namna hiyo inaweza kumpotezea mchezaji namba yake, mkataba na hata amani ya familia yake. Ndiyo maana kufahamu namna ya kumpima kipa ni suala la haki pia, mbali na kuongeza ladha ya kutazama mpira.

Takwimu zinazopotosha

Kipimo kinachotumiwa zaidi ni idadi ya mabao aliyofungwa kipa na idadi ya mechi alizomaliza bila nyavu zake kutikiswa. Vipimo hivyo vina thamani, lakini kwa kiasi kikubwa hueleza ubora wa timu nzima. Kipa anayecheza nyuma ya mabeki imara na viungo wanaokaba anaweza kumaliza mechi kumi bila kufungwa huku akiwa amedaka mipira michache tu. Mwenzake wa timu inayopigania kutoshuka daraja hushambuliwa kila Jumamosi.

Hata asilimia ya mikwaju aliyookoa kipa haitoshi. Tuchukue mfano wa makipa wawili. Wa kwanza amepigiwa mikwaju 40 iliyolenga lango na kufungwa mabao manane, hivyo ameokoa asilimia 80. Wa pili amepigiwa mikwaju 60 na kufungwa mabao 18, hivyo ameokoa asilimia 70. Mtazamaji wa juu juu atasema wa kwanza ndiye bora.

Lakini ikiwa mikwaju ya kwanza mingi ilipigwa kutoka mbali, tena kuelekea kifuani mwake, na ile ya pili ilipigwa ndani ya eneo la hatari kuelekea pembeni mwa nguzo, hesabu hubadilika. Wachambuzi wa siku hizi hukipa kila mkwaju uliolenga lango thamani yake kulingana na mahali ulipopigwa, mahali ulipoelekea na ugumu wake. Jumla ya thamani hizo ndiyo mabao ambayo kipa wa kawaida angetarajiwa kufungwa.

Endapo kipa wa kwanza alitarajiwa kufungwa matano na amefungwa manane, ameigharimu timu yake mabao matatu. Endapo wa pili alitarajiwa kufungwa 22 na amefungwa 18, ameiokolea timu yake mabao manne. Aliyefungwa mabao mengi zaidi ndiye aliyefanya kazi kubwa zaidi.

Hata kipimo hicho kina upungufu wake. Hakihesabu krosi aliyoidaka kipa kabla mshambuliaji hajaigusa, wala pasi ndefu aliyoikatiza akiwa nje ya eneo lake. Mkwaju ambao haukupigwa kwa sababu kipa aliwahi hauna mahali pa kuandikwa. Kwa hiyo, macho bado yana kazi.

Mahali anaposimama

Jambo la kwanza la kutazama ni mahali anaposimama kipa kabla mpira haujapigwa. Lango la soka lina upana wa mita 7.32 na kimo cha mita 2.44. Hakuna binadamu anayeweza kuziba eneo hilo kwa mwili wake, hivyo kipa hulipunguza kwa kusogea.

Hesabu yake ni nyepesi. Mpira ukiwa mita 10 mbele ya katikati ya lango na kipa akibaki kwenye mstari, ana upana wote wa mita 7.32 wa kuulinda. Akisogea mbele mita tatu, upana unaombakia mbele yake kwa mikwaju ya moja kwa moja hupungua hadi takriban mita 5.1. Hiyo ni tofauti ya zaidi ya mita mbili, ambayo kwa kipa ni sawa na kuruka au kutoruka.

Lakini kila hatua ya mbele ina gharama yake, kwani nafasi ya kubetuliwa mpira juu ya kichwa huongezeka. Kipa mzuri husogea anapoona mshambuliaji ameinamisha kichwa au ameusukuma mpira mbali kidogo na mguu, na husimama au kurudi anapoona mpinzani ameinua macho na ana mpira chini ya himaya yake.

Kipa anapaswa pia kuwa kwenye mstari wa kufikirika unaotoka kwenye mpira hadi katikati ya lango. Akiwa nje ya mstari huo, upande mmoja hubaki wazi. Hapo ndipo huzaliwa bao linalopita kati yake na nguzo ya karibu, bao ambalo makocha wengi wa makipa huliona kuwa la kwake, isipokuwa kama mpira ulipigwa kutoka karibu mno, uligeuzwa njia na beki au kipa alizibwa macho.

Miguu kwanza, mikono baadaye

Mashabiki hupenda kutazama mikono ya kipa, lakini makocha huanza na miguu. Wakati mshambuliaji anapiga mpira, kipa anatakiwa awe ametulia: miguu yote miwili chini, magoti yamekunjwa kidogo, uzito umeelemea mbele kwenye nyayo na mikono iko tayari mbele ya mwili. Kipa anayepigiwa mkwaju akiwa bado anakimbia au akiwa amebebwa na uzito wa nyuma hupoteza sehemu ya sekunde anapojipanga upya, na sehemu hiyo ndiyo hugeuka bao.

Ni kwa sababu hiyo kipa wa kiwango cha juu wakati mwingine huonekana kama hafanyi chochote cha ajabu. Mpira hupigwa, naye anaukuta kifuani. Watazamaji husema mkwaju ulikuwa dhaifu. Huenda alipiga hatua mbili ndogo kabla ya mkwaju, na hatua hizo ndizo zilizomwepusha na kuruka. Kinyume chake, kipa anayeruka kwa madaha kila mara huenda anafidia makosa ya mahali aliposimama. Picha yake gazetini hupendeza, lakini kocha wake halali usingizi.

Baada ya miguu ndipo hufuata mikono. Mpira wa juu ya kiuno hudakwa kwa viganja vilivyofunguka, vidole gumba vikiwa vimekaribiana nyuma yake ili usipenye. Mpira wa chini huzolewa kwa viganja vilivyoelekea juu, mwili au mguu ukiwa nyuma yake kama ukuta wa pili. Mikono itangulie mbele ya mwili, ili mpira ukiteleza uangukie mbele ya kipa badala ya kupita nyuma yake.

Mkwaju usiodakika unapaswa kupanguliwa, na hapa kuna swali moja: mpira umeelekea wapi? Kipa hodari huupeleka pembeni au juu ya mwamba. Kipa anayeurudisha katikati ya eneo la hatari huwa ameokoa mkwaju wa kwanza na kuandaa wa pili. Kosa la Kahn lilikuwa la aina hiyo, ingawa inafahamika pia kwamba aliumia kidole katika mchezo ule.

Krosi na mipira iliyokufa

Eneo linalotenganisha makipa wa kawaida na wale wakubwa ni mipira ya juu. Mkwaju wa moja kwa moja humpa kipa nafasi ya kuitikia tu, ilhali krosi humtaka aamue. Ama atoke, ama abaki. Akiamua kutoka ni lazima aufikie mpira. Akiamua kubaki ni lazima abaki kweli na kujiandaa kwa kichwa kitakachopigwa. Balaa hutokea katikati ya maamuzi hayo mawili, kipa anapopiga hatua tatu mbele kisha akasita.

Mechi ya Simba na Yanga ya Oktoba 20, 2013 ni kumbukumbu nzuri ya jinsi mambo yanavyogeuka. Yanga ilikwenda mapumziko ikiongoza mabao 3-0, na Simba ikasawazisha yote katika kipindi cha pili, mchezo ukaisha 3-3. Lawama nyingi ziliangukia kwa kipa wa Yanga, Ally Mustafa 'Barthez'. Mtathmini makini angeuliza maswali zaidi: nani alikuwa na jukumu la kumkaba kila mfungaji? Mpira uliangukia ndani ya boksi dogo la mita 5.5, ambako kipa hutarajiwa kutawala, au nje yake? Njia ya kipa ilikuwa wazi au ilizibwa na miili? Bao linaweza kuwa la beki asilimia 70 na la kipa asilimia 30, lakini ubao wa matokeo hauonyeshi mgawanyo huo.

Kipa anapotoka, mtazame kama anauendea mpira katika kilele chake, kama anapiga kelele kuwaarifu mabeki na kama ananyanyua goti kujikinga. Akiwa katika msongamano na akaamua kupiga ngumi, mpira uende mbali, juu na pembeni. Ngumi dhaifu inayoangukia kwenye duara la kumi na nane ni zawadi kwa mpinzani.

Ana kwa ana

Mshambuliaji anapobaki peke yake na kipa, wengi huona kwamba bao ni halali yake. Kipa bora hupinga hukumu hiyo kwa kuchelewa kuanguka. Husogea haraka mpira ukiwa mbali na mguu wa mpinzani, kisha husimama na kujitanua ili mshambuliaji alazimike kuamua kwanza.

Desemba 18, 2022 nchini Qatar, katika fainali ya Kombe la Dunia, Argentina na Ufaransa zilikuwa sare 3-3 na muda wa nyongeza ulikuwa unayoyoma Randal Kolo Muani alipobaki na kipa Emiliano Martinez. Martinez alijitanua na kuuzuia mpira kwa mguu wake wa kushoto. Argentina ikashinda kwa penalti. Kama angeanguka mapema, historia ya kombe lile ingeandikwa kwa Kifaransa.

Kazi ya miguu na pasi

Tangu mwaka 1992, sheria ilipomkataza kipa kudaka kwa mikono mpira aliorudishiwa kwa mguu na mwenzake kwa makusudi, mlinda mlango amelazimika kujua kucheza. Leo timu nyingi huanzia mashambulizi kwake. Kipa Mmali Djigui Diarra, aliyejiunga na Yanga mwaka 2021, alipata sifa kubwa nchini kwa utulivu wake na mpira mguuni, mbali na uwezo wa kudaka.

Katika eneo hili kipa apimwe kwa maamuzi, si kwa wingi wa pasi. Je, anaangalia kabla mpira haujamfikia? Anajua lini acheze fupi na lini aupige mbele? Anatumia miguu yote miwili? Aidha, tangu Julai 2025 sheria mpya inampa kipa sekunde nane tu za kukaa na mpira mikononi. Akizidisha, wapinzani hupewa kona. Mazoea ya kulala juu ya mpira ili kupoteza muda sasa yana adhabu inayouma.

Penalti: bahati, maandalizi na ujasiri

Penalti hupigwa kutoka mita 11. Mpira unaosafiri kwa kasi ya kilomita 100 kwa saa hufika langoni katika muda wa takriban sekunde 0.4. Kipa anayesubiri kuona mpira unaelekea wapi ndipo aruke hadi kwenye nguzo huwa amechelewa. Zaidi ya robo tatu ya penalti huingia wavuni, kwa hiyo kumlaumu kipa kwa kufungwa penalti ni kumwonea.

Mwaka 2007 watafiti wa Israel wakiongozwa na Michael Bar-Eli walichapisha uchambuzi wa penalti 286. Waligundua kuwa karibu mikwaju 29 kati ya kila 100 ilielekezwa katikati ya lango, ilhali makipa walibaki katikati chini ya mara saba kati ya kila 100. Maelezo yao yalihusu lawama: kipa aliyeruka na kufungwa huonekana amejitahidi, lakini aliyesimama na kufungwa huonekana mzembe. Kwa maneno mengine, hukumu ya mashabiki huingia hadi kwenye misuli ya kipa.

Wapo makipa ambao wamejijengea heshima hapo. Februari 3, 2024, katika robo fainali ya Kombe la Mataifa ya Afrika nchini Ivory Coast, Ronwen Williams wa Afrika Kusini aliokoa penalti nne za Cape Verde. Wasiosahau haraka hukumbuka pia kwamba aliokoa hatari kubwa katika dakika za majeruhi, ambayo ndiyo iliyoifikisha timu yake kwenye penalti. Diarra naye aliokoa penalti jijini Algiers Juni 3, 2023, katika fainali ya pili ya Kombe la Shirikisho. Yanga ilishinda 1-0 dhidi ya USM Alger, lakini ikakosa kombe kwa sheria ya bao la ugenini baada ya jumla ya 2-2.

Kiwango cha leo na uwezo wa kudumu

Swali gumu kuliko yote ni hili: kipa aliyekosea leo ameshuka kiwango, au amekosea tu? Mechi moja haiwezi kujibu. Kosa moja ni tukio, ilhali kosa lile lile likijirudia katika mechi tano au sita ni dalili. Kipa anayefungwa mara kwa mara upande mmoja ana tatizo la kusimama. Anayeponyokwa mara kwa mara ana tatizo la mikono au la umakini. Anayeacha kutoka kuzifuata krosi alizokuwa akizidaka mwezi uliopita ana tatizo la kujiamini, na hilo haliponywi kwa kuzomewa.

Wakati mwingine sababu iko mahali ambapo hakuna anayetazama. Katika fainali ya Ligi ya Mabingwa Ulaya ya Mei 26, 2018 mjini Kyiv, Loris Karius wa Liverpool alifanya makosa mawili yaliyozaa mabao ya Real Madrid. Alikejeliwa dunia nzima. Siku chache baadaye madaktari wa Boston nchini Marekani walisema walimkuta na dalili za mtikisiko wa ubongo, baada ya kugongwa katika mchezo huo, na kwamba hali hiyo huenda iliathiri uchezaji wake.

Historia ya Juma Kaseja ni darasa kwa mashabiki wa Tanzania. Mwaka 2003 alikuwa langoni Simba ilipoivua Zamalek ubingwa wa Afrika kwa penalti jijini Cairo. Mwaka 2013 aliachwa na Simba, akajiunga na Yanga, na Desemba 21 mwaka huo alilaumiwa vikali kwa bao la tatu la Simba, lililofungwa na Awadh Juma, katika mechi ya Nani Mtani Jembe iliyoisha kwa mabao 3-1. Wengi walimwona amekwisha.

Miaka sita baadaye, akiwa KMC, aliitwa tena Taifa Stars. Agosti 2019 jijini Nairobi aliokoa penalti na Stars ikaing'oa Kenya kwa penalti 4-1 katika kufuzu CHAN. Mwezi uliofuata, jijini Dar es Salaam, alikuwa langoni Stars ilipoitoa Burundi kwa penalti 3-0 katika hatua ya awali ya kufuzu Kombe la Dunia. Uwezo uliodhaniwa umezikwa ulikuwepo siku zote.

Maswali ya kujiuliza

Kabla ya kumhukumu kipa aliyefungwa, shabiki ajiulize mambo sita. Alikuwa amesimama mahali sahihi? Miguu yake ilikuwa imetulia mpira ulipopigwa? Aliuona mpira tangu ulipotoka mguuni? Uligeuzwa njia? Kama aliupangua, aliupeleka wapi? Na makosa mangapi ya wenzake yalitangulia hadi mpira ukamfikia?

Majibu yakionyesha amekosea, basi amekosea, na ana wajibu wa kurekebisha mazoezini. Lakini kumwita msaliti bila ushahidi si uchambuzi wa soka. Mtu aliyesimama peke yake kati ya nguzo mbili, ambaye kosa lake halina mwingine nyuma yake wa kulifuta, anastahili angalau kutazamwa vizuri kabla ya kuhukumiwa.